Mama Anaachwa Siku ya 42: Maumivu Baada ya Upasuaji na Daftari Lisilouliza

Ni maeneo machache barani Afrika yaliyohesabiwa kwa bidii kama Bonde la Kilombero. Mwaka 1957 Waswisi walifungua maabara ya utafiti Ifakara, na maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Kuanzia Septemba 1996 wadodosaji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia na nani kahama. Hesabu hiyo haikuwa ya mapambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Dunia nzima ilijifunza kutokana na daftari la wakulima wa mpunga.

Nimeanza na sifa hii kwa makusudi, kwa kuwa lawama yangu inatoka ndani yake. Bonde linalojua kuhesabu kiasi hiki, katika nchi yenye mfumo wa taarifa za afya unaofika hadi zahanati ya kijiji, halina mahali ambapo mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji anaulizwa, miezi mitatu baadaye, swali la maneno mawili: bado panauma?

Mimi si daktari wa tiba. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sera za jamii. Kwa hiyo sitazungumzia kisu, nitazungumzia daftari. Hoja yangu ni kwamba maumivu yanayobaki baada ya upasuaji si suala la uvumilivu wa mtu binafsi. Ni suala la dola, kwa sababu dola ndiyo iliyoamua wajibu wake unakoma siku ipi.

Maumivu haya yana jina

Tuanze na kile kinachojulikana. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linayatambua maumivu sugu ya baada ya upasuaji kuwa tatizo lenye jina lake. Ni maumivu yaliyoanza au kuzidi baada ya upasuaji, yakaendelea kupita muda wa kidonda kupona, kwa angalau miezi mitatu, na ambayo hayaelezwi na sababu nyingine kama vile maambukizi.

Hata nchi tajiri zilichelewa kuliona jambo hili. Mwaka 1998 watafiti Crombie, Davies na Macrae walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa zaidi ya 5,000 waliohudhuria kliniki za maumivu za Uskochi na kaskazini mwa Uingereza. Takriban mmoja kati ya watano alihusisha maumivu yake na upasuaji aliofanyiwa. Mwaka 2006 Henrik Kehlet na wenzake, katika jarida la Lancet, walikusanya makadirio ya upasuaji wa aina mbalimbali: asilimia 30 hadi 50 ya waliokatwa kiungo hubaki na maumivu, asilimia 20 hadi 30 ya waliopasuliwa titi, na kama asilimia 10 ya waliotibiwa ngiri au kujifungua kwa upasuaji. Wengi wa hao huwa na maumivu madogo, lakini wapo ambao maumivu yao huwazuia kufanya kazi.

Asilimia 10 inaonekana ndogo mpaka uiweke mahali pake. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 6 ya watoto wa Tanzania walizaliwa kwa upasuaji, na tangu wakati huo huduma hiyo imesambazwa zaidi kwa kuviboresha vituo vya afya ili vifanye upasuaji wa dharura. Hilo ni jambo jema, na Ifakara ina mchango wake ndani yake, kwani ni mji uliofundisha madaktari wasaidizi kwa miongo mingi. Utafiti wa mwaka 2009 katika hospitali za wilaya za Tanzania haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule uliofanywa na madaktari kamili. Lakini tukiongeza upasuaji, tunaongeza pia wanaobaki na maumivu ya upasuaji. Hesabu ya kwanza tunaitangaza majukwaani. Ya pili haina hata safu ya kuandikwa.

Kwa nini kovu lililopona huuma? Mkato wa mlalo unaotumika sana kumtoa mtoto hupita juu kidogo ya kinena, na ncha zake ziko karibu na mishipa ya fahamu inayohudumia ngozi ya eneo hilo. Mshipa huo unaweza kukatwa, kuvutwa, kubanwa na uzi au kunaswa na kovu. Upasuaji wa ngiri hupita jirani na mishipa hiyohiyo. Zaidi ya hapo, mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya kazi London, alichapisha ushahidi kwamba jeraha la mwilini linaweza kubadili utendaji wa uti wa mgongo wenyewe, ukawa mwepesi kupita kiasi kupokea ishara za maumivu. Mlinzi aliyeshtuliwa na mwizi usiku huruka kitandani kwa kila jani linaloanguka; uti wa mgongo nao unaweza kuendelea kupiga kelele wakati mwizi keshaondoka zamani. Kwa hiyo mwanamke ambaye kovu lake limefunga vizuri na bado anasema linawaka, hajidekezi. Anaeleza kwa usahihi kinachotokea mwilini mwake.

Kiswahili kinayajua, daftari halijui

Lugha yetu haina upungufu hapa. Mkulima wa Mang'ula au Lupiro atakuambia panawaka moto, panachomachoma, panapiga shoti, pana ganzi, panawasha lakini ukikuna huhisi. Hayo si malalamiko ya ovyo. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walichapisha dodoso fupi la kutambua maumivu yanayotokana na mishipa ya fahamu, na maswali yake ni yaleyale: kuna hisia ya kuungua, ya shoti ya umeme, ya kuchomwachomwa, ya ganzi, ya kuwashwa? Bibi wa kijijini tayari ana msamiati wa uchunguzi. Kinachokosekana ni mtu mwenye kalamu wa kuusikiliza na mahali pa kuuandika.

Palipo na ukimya wa mfumo, jamii hujaza majina yake. Maumivu ya tumbo la chini baada ya kujifungua huitwa chango, na dawa ya chango huuzwa. Maumivu ya mgongo hutupiwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni, ingawa tafiti hazijathibitisha kwamba sindano hiyo huleta maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Mimba yenyewe, kuinama na kubeba vina mchango mkubwa zaidi. Mwanamke akilikwepa tendo la ndoa kwa sababu kovu linamuuma, mume hutafuta sababu nyingine, na sababu hiyo huwa na jina la mtu. Sitaki kuwakejeli watu wangu kwa majina haya. Watu hutafuta maelezo pale wenye dhamana ya kueleza wanaponyamaza.

Kisha yuko mwenye duka. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini kuwe na dawa salama karibu, na umefanya mengi mema. Lakini duka si kliniki. Anayekwenda dukani kila wiki kununua diklofenaki kwa ajili ya kovu la mwaka jana ananunua dawa iliyokusudiwa siku chache, dawa ambayo ikitumiwa mfululizo inaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, na ambayo kwa maumivu ya mishipa ya fahamu husaidia kidogo sana. Analipa fedha ya mpunga kununua madhara.

Siku ya 42

Sasa nifike kwenye kiini. Utaratibu wetu wa kumfuatilia mama baada ya kujifungua una mahudhurio manne: ndani ya saa 48, siku ya 3 hadi ya 7, siku ya 8 hadi ya 28, na siku ya 29 hadi ya 42. Ndivyo rejista za mfumo wa taarifa, ule tunaouita MTUHA, zinavyodai. Baada ya siku ya 42 mama anatoka daftarini.

Weka tarakimu hiyo kando ya ile ya uainishaji wa kimataifa. Maumivu sugu ya baada ya upasuaji hutambulika kuanzia mwezi wa tatu, yaani kama siku ya 90. Serikali inafunga daftari la mama wiki saba kabla ya ugonjwa huu kuweza kupewa jina lake. Hatuwezi kusema tatizo halipo wakati tumepanga kuondoka kabla halijafika.

Na hapa ndipo ninapokataa kisingizio cha umaskini. Mwanamke huyohuyo harudi nyumbani na kupotea. Anarudi kliniki na mtoto mgongoni wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14, kwa chanjo. Wiki ya 14 ni siku ya 98. Amekuja mwenyewe, kwa miguu au kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, amepanga foleni, na muuguzi ameshika kadi mkononi. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, anaandikwa. Mama aliyembeba, mwenye mshono wa siku 98, amesimama hapohapo kama kitanda cha mtoto. Hakuna gari la kununua ili aulizwe, hakuna mfadhili wa kusubiriwa wala semina ya kufanyika hotelini.

Kinachopotea si starehe. Kilimo cha mpunga ni kazi ya kiuno na tumbo la chini: kuinama kupanda, kuinama kupalilia, kuinama kuvuna, kubeba gunia, kukaa mbali shambani wiki kadhaa wakati wa kuamia ndege. Chukua familia yoyote ya upande wa Mlimba ambayo mama wa nyumba hawezi kuinama msimu mzima. Itakodi vibarua kwa fedha isiyokuwepo, au italima nusu ya shamba, au binti wa darasa la sita ataacha kwenda shule ili aziba pengo. Hasara hiyo haimo katika takwimu yoyote ya afya, wala ya kilimo, wala ya elimu. Imegawanyika katika wizara tatu, na kwa hiyo haina mwenyewe.

Wanaopinga

Nimewasikia wanaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema: akina mama bado wanakufa kwa kutokwa damu, nawe unatuletea habari ya makovu? Jibu langu ni kwamba anayebaki na maumivu ni yule tuliyemwokoa. Kumwokoa mtu kisha kumwacha asiweze kufanya kazi ni kama kuvuna mpunga na kuuacha uwanjani mvua ikinyesha. Tena swali la siku ya 98 halichukui hata chupa moja ya damu kutoka kwa anayeihitaji.

Wa pili hunionya kuhusu Marekani. Huko, katika miaka ya 1990, maumivu yalitangazwa kuwa kipimo cha kuchukuliwa kwa kila mgonjwa kama joto na mapigo ya moyo, na kampuni ya Purdue ikaingiza sokoni dawa ya OxyContin mwaka 1996. Maelfu kwa maelfu walinaswa na uraibu, na kampuni hiyo imekiri makosa ya jinai mahakamani, mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Onyo hili ni la haki, lakini somo lake ni jingine. Marekani haikuangamia kwa kuuliza. Iliangamia kwa kumwachia muuzaji atoe jibu. Maumivu sugu ya kovu hayaponywi kwa vidonge vya jamii ya afyuni, na hakuna anayependekeza vigawiwe Ifakara. Tusisahau pia kosa la upande wa pili, la kuiogopa mofini hata pale inapostahili. Jirani zetu Uganda, tangu Hospice Africa ilipoanzishwa huko mwaka 1993, wameonyesha kwamba mofini ya maji yaweza kutolewa kwa nidhamu kwa wagonjwa wa saratani, hata mikononi mwa wauguzi waliofunzwa.

Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Huyu huamini kwamba mwanamke aliumbiwa uchungu. Jikaze, mama, wenzako wamepasuliwa mara tatu na wanalima. Waswahili walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa sera: kwa kuwa aijuaye ni maiti, hatuna haja ya kuuliza. Uvumilivu ni fadhila ya mtu mwenyewe. Serikali inayopanga bajeti yake juu ya uvumilivu wa raia inajikopesha bila kumwomba mwenye mali.

Wa nne husema kufuatilia wagonjwa vijijini hakuwezekani. Mwaka 2016 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio lililofanyika mashariki mwa Uganda, ambako wanaume 302 wenye ngiri walitengenezwa kwa wavu wa kawaida wa hospitali au kwa wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha chandarua. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Lakini matokeo yanayonihusu mimi ni mengine: baada ya mwaka mzima, zaidi ya wanaume tisa kati ya kila kumi walionekana tena na kuchunguzwa. Wakulima wa Uganda hawakupotea. Wa Kilombero nao hawapotei, isipokuwa hakuna anayewatafuta.

Kinachotakiwa

Kwanza, Wizara ya Afya iongeze safu moja katika rejista ya kliniki ya mtoto, wiki ya 14, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji: bado panauma, ndiyo au hapana, yanazuia kazi, ndiyo au hapana. Taarifa ya mwezi ipande wilayani kama nyingine zinavyopanda. Bonde la Kilombero, lenye historia ya utafiti niliyoitaja, ndilo mahali pafaapo kuanzia.

Pili, anayejibu ndiyo asiishie kuandikwa. Muuguzi afundishwe kutambua dalili za hatari zinazodai rufaa ya haraka: homa, usaha, harufu mbaya, damu isiyo ya kawaida, uvimbe unaotokeza kwenye kovu mtu akikohoa au kuinua kitu, na uvimbe wa kovu unaouma kila mwezi sambamba na siku za hedhi. Dalili hizo si za kusubiri wala za kupeleka dukani. Zisipokuwepo, na maneno ya mgonjwa yakiwa ya moto, shoti na ganzi, kuna tiba isiyo ya anasa. Amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku, ikiandikwa na tabibu, ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inajulikana zaidi kama dawa ya sonona, hivyo mgonjwa aelezwe mapema kwamba hapewi kwa kudhaniwa amerukwa na akili. Daktari anaweza kuchoma sindano ya ganzi kando ya mshipa unaouma, na hiyo husaidia pia kuthibitisha kwamba mshipa ndio wenye tatizo. Na mgonjwa aambiwe jambo ambalo wengi hawaambiwi: kwamba kuuma si lazima iwe kuchanika, kwamba kutembea na kurudia kazi hatua kwa hatua ni sehemu ya tiba, na kwamba hofu na kukosa usingizi huyakoleza maumivu.

Tatu, kinga ianzie wodini. Maumivu makali ya siku za mwanzo ni mojawapo ya dalili kuu zinazotangulia maumivu sugu. Parasetamo na ibuprofeni, kwa asiye na sababu ya kuzuiwa, zitolewe kwa saa, bila kungoja mama alie. Na dawa ya ganzi iingizwe kwenye kidonda kabla ya kukifunga, jambo linalopunguza maumivu ya saa za mwanzo kwa gharama ndogo.

Nne, tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Watumishi wa umma mnaoandaa vitita vya huduma mnasoma hapa, nami nawauliza ninyi moja kwa moja: je, kitita kinachomlipia mama mkasi na uzi kitamlipia pia ziara ya mwezi wa nne? Kama hakitamlipia, tumenunua nusu ya upasuaji.

Na kwenu wanafunzi wangu wa tiba, uuguzi na sera za jamii, mnaotafuta mada za tasnifu kila mwaka mkilalamika kwamba kila kitu kimeshaandikwa: idadi kubwa ya makadirio niliyoyataja hapo juu imetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa watu wasiolima mpunga na wasiobeba mtoto mgongoni juu ya mshono. Hesabu ya hapa kwetu inawangoja. Nendeni kliniki siku ya chanjo ya wiki ya 14, ombeni kibali kwa utaratibu, mkaulize.

Wewe unayesoma ukiwa na kovu lako mwenyewe, usikubali kuambiwa kwamba kidonda kimepona na kwa hiyo hakuna kinachouma. Ukienda kwa tabibu, mtajie tarehe ya upasuaji, mwonyeshe kwa kidole mahali panapouma, mweleze kwa maneno yako kama panawaka au panavuta, na umwambie kazi ipi huwezi kuifanya. Akikujibu kwamba utazoea, mwombe aandike jibu hilo kwenye faili lako.